Nilimpeleka mjukuu wangu kukatwa kimeo, halafu nikamdanganya daktari

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa mtakuwa wachache humu. Shule niliishia darasa la pili, mtanivumilia. Haya ni ya kweli na yananiumiza.

Mjukuu wangu Gwamaka, mwaka na nusu, alikohoa wiki nzima. Baba yake, mwanangu Ambakisye, yuko Iringa kikazi. Mama yake, Bupe, alikuwa sokoni Mwanjelwa anauza viazi.

Mimi nikasema hicho ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nikambeba hadi Iyunga kwa mzee Ambokile, mkata vimeo. Akakikata.

Damu haikukatika.

Bupe aliporudi nikamwambia mtoto ameanguka na kijiko mdomoni. Tukakimbilia kituo cha afya.

Daktari Farida akamulika tochi.

"Bibi, kijiko hakikati hivi. Kimeo kiko wapi?"

Nikajifanya namfuta mtoto damu.

"Mama," Bupe akasema, "si unaulizwa?"

"Nimempeleka kwa Ambokile."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Walipoizuia damu, daktari akanieleza taratibu. Ukimeza, kimeo kinapanda pamoja na nyama laini ya juu mdomoni, vinaziba njia ya pua chakula kisipite huko. Kikohozi kilitoka kwenye mapafu. Mle kuna vifuko vidogo sana, hewa safi inapenya humo kuingia kwenye damu. Vya Gwamaka vilijaa maji. Nimonia. Mtoto alikuwa anakosa hewa, mimi namtafutia wembe.

Nikawakumbuka wanangu. Ambakisye, Tumpale, Sekela, Lugano. Wote niliwakatisha. Lugano alikuwa anakohoa hivyohivyo, akafariki wiki ileile aliyokatwa. Tukasema amerogwa.

Hilo sijamwambia mtu. Nimewaambia nyinyi.

Gwamaka alilazwa siku sita, akapona. Bupe hajanitukana hata neno moja. Chakula ananipakulia, shikamoo ananipa. Ila sasa akienda sokoni anaondoka na mtoto mgongoni, mvua inyeshe, baridi iwe kali.

Nilichojifunza: mtoto akikohoa na kuhema haraka, mbio hospitali, wembe hautibu mapafu. Na ukikosea, mwambie daktari mapema.

Kunisema ruksa. Ila mabinti mlioolewa, nijibuni kwa ukweli: mama mkwe wako akikufanyia hivi, utamwachia mtoto tena?