Mstari wa Muhogo Mtamu

Mwanangu, iko siku moja ambayo naikumbuka hata rangi ya vumbi lake. Mpaka juzi sikuwa nimewahi kuisimulia yote. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, kwa hivyo univumilie.

Aliyenifungua mdomo ni mjukuu wangu Mukami. Yuko gredi ya kumi, anasoma somo la upishi. Jumamosi alikuja na daftari safi sana, nikamuuliza wamepika nini.

"Samosa, cucu."

"Wewe ulikunja ngapi?"

"Mimi sikunji. Kwa kundi letu Kanini ndiye hupika, Wanja anaosha vyombo, mimi naandika. Si unajua niko na mwandiko mzuri?"

"Na siku Kanini hayuko?"

Akacheka. "Nitasoma nilichoandika."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mbuzi.

Siku hiyo ninayokusimulia, nilikuwa mdogo kuliko Mukami. Tulikaa upande wa chini wa Kiritiri, mimi, mdogo wangu Igoki, na nyanya yetu Ciarunji. Mama yetu, Wambeti, alikuwa ameenda kuchuma kahawa huko juu Embu. Shamba letu lilikuwa na muhogo wa aina mbili. Ule mtamu ulikuwa karibu na mti wa mukau, huo unachemsha na kula. Ule mchungu ulikuwa chini kwenye mawe, na huo unaumenya, unaukata, unauloweka siku tatu, unauanika, ndiyo utwange unga.

Lakini nyanya Ciarunji hakupika muhogo wowote kabla ya kuuvunja, kuugusisha kwenye ncha ya ulimi, kungoja kidogo na kutema. Kila muhogo, hata wa kwenye mukau. Mara nyingi aliniita nishike na mimi, nionje. Niliona ni uchafu. Mimi nilikuwa msichana wa shule.

Siku moja nikamwambia, "Cucu, hiyo ya kutema mate ni ya watu wa zamani. Niambie tu mtamu uko mstari gani, niandike."

"Kwani ulimi wako umeenda wapi?"

"Niko nao, lakini pia niko na penseli."

Jirani yetu Marigu alikuwa hapo, akacheka mpaka akashika mbavu. Nyanya hakucheka. Aliniambia mstari, nami nikaandika nyuma ya daftari: karibu na mukau, mtamu.

Mvua ikakataa mwaka huo. Nyanya akaitwa kwa dada yake mgonjwa, akaniachia nyumba na Igoki. Unga uliisha asubuhi ya pili. Igoki alikuwa na miaka minne, na njaa ilikuwa imemfanya awe mkimya. Nilifungua daftari, nikasoma, nikaenda pale pale palipoandikwa. Nikachimba, nikachemsha haraka haraka, nikamwekea sahani.

Alikula kidogo akakunja uso. "Ni chungu."

Nikamwambia, "Kula. Huo ni ule mtamu."

Nilimwambia hivyo mara mbili, mwanangu. Alikuwa mtoto wa kutii, akamaliza. Mimi nilikula kipande kimoja tu ili yeye ashibe.

Jua lilikuwa bado juu alipoanza kutapika. Nilitapika pia, lakini nilikuwa na nguvu ya kusimama. Nilimbeba mgongoni kuelekea kwa Marigu. Nilisikia pumzi yake shingoni, halafu kabla ya kufika kwa mlango wa Marigu sikuisikia tena.

Nyanya aliporudi hakunipiga. Alichukua muhogo uliobaki, akauvunja, akaonja, akatema. Akanipa. "Sasa onja."

Nikaonja. Ulikuwa mchungu kama dawa.

"Jua likizidi, hata mtamu hugeuka," akasema. "Hiyo singejua kukuambia uandike. Ningekuonyesha ukiwa umeshika."

Mama naye alirudi, akaniangalia, akaanza kufagia nyumba iliyokuwa safi. Shule sikurudi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumapili baada ya kanisa nilimweleza Mukami haya yote. Alifunga daftari. Nikampa muhogo mbichi, akauvunja, akagusa kwa ulimi, akangoja, akatema. Akaniuliza, "Cucu, Igoki angekuwa na miaka mingapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Sasa nawe nikuambie. Kuandika ni kuzuri, usidhani nakukataza. Lakini mwalimu akisema shikeni, shika. Ukiwa kwa darasa la mapishi, ungua kidogo. Kwa karakana, usikae ukishikia wenzako rula huku wao wakikata mbao. Kwa uchoraji, chafuka rangi. Usikubali kuwa yule wa kuandika kila siku kwa sababu ana mwandiko mzuri, maana kuna vitu ambavyo ni mkono na ulimi tu huvijua, na siku utakapovihitaji Kanini hatakuwa hapo. Na mtoto akikuambia chakula ni kichungu, kionje wewe kwanza.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kazi. Na siku utakapoachiwa nyumba na mtoto, huyo mtoto ale, alale, na aamke.