Kidari cha Supamaketi

Tonny Mukhisa alichukua muda mrefu zaidi kuchagua kadi ya mkopo ya benki kuliko aliochukua kuchagua mke. Mke alimwona mara mbili kanisani, akatuma wazee. Kadi aliitafuta msimu mzima wa mvua. Alizunguka benki za Kitale akikusanya vipeperushi, akavitandaza juu ya kochi, na wageni wakija wanakalia viti vya jikoni. Kadi hii inakurudishia vishilingi kila ukinunua. Ile inakupunguzia bei katika hoteli ambazo hujawahi kuzisikia. Nyingine inakuruhusu kungojea ndege kwenye sebule maalumu, unakunywa chai ya bure huku umenyoosha miguu. Mukhisa hakuwa amepanda ndege hata siku moja, lakini chai hiyo ilimkaa moyoni.

Alikuwa mwalimu wa somo la Biashara katika shule moja ya upili mjini, na hakununua hata ndizi bila kuwaeleza watu kanuni. "Mjinga anakopa akiwa na shida," aliwaambia walimu wenzake wakati wa chai. "Mwerevu anatumia pesa ya benki, analipa kabla ya riba, na benki inampa zawadi juu yake." Wenzake waliendelea kula mandazi.

Mwishowe aliyemnasa ni Kui, msichana wa mauzo wa benki moja ambayo jina tuliache, kwa maana haikumkosea. Kui alimweleza kwamba mteja mpya akinunua vitu vya kiasi fulani katika miezi mitatu ya kwanza, anapata pointi za kutosha tiketi mbili za ndege, Eldoret hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Sharti ni kadi ipite kwenye mashine ya duka. Kutoa pesa taslimu hakuhesabiki, na kutuma kwa simu hakuhesabiki.

"Kwa hivyo nanunua tu vile vitu ningenunua?" Mukhisa aliuliza.

"Hivyo tu, mwalimu."

Kui hakudanganya. Shida ni kwamba vitu ambavyo Mukhisa angenunua viliuzwa na watu wasio na mashine. Mama wa sukuma wiki hakuwa nayo. Fundi wa viatu hakuwa nayo. Mwenye duka la karibu na msikiti, aliyewapa unga miaka yote na kuwangojea mwisho wa mwezi bila kelele, hakuwa nayo. Basi Mukhisa akawahama wote, akahamia supamaketi. Mkewe Sellah akawa anarudi kutoka kazini na kukuta dawa ya meno ya kutosha bweni zima, na siku moja akakuta mashine ya kuchoma mkate.

"Baba Nekesa, sisi tunachoma mkate tangu lini?"

"Hiyo si mkate, Mama Nekesa. Hiyo ni bahari."

Sellah aliitazama ile bahari, akaitafutia nafasi chini ya kitanda.

Mwezi wa saba simu ikalia kutoka Bumula, alikoolewa dada yake Nakhumicha. Kijana wake Wafula angetahiriwa Agosti. Hiyo haikuwa simu ya kupeana habari tu. Kijana wa Kibukusu akikaribia kisu huvaa njuga na kuzunguka akiwaalika jamaa, na siku moja kabla huenda kwa mjomba, ndugu wa mama yake. Mjomba huchinja fahali pale nyumbani, hukata ukanda mrefu wa nyama ya kidari, humvisha kijana shingoni. Kijana hurudi kwao akikimbia na watu wakiimba, na ukanda huo ndio unaowaonyesha wote kwamba mama yake ana kwao. Akirudi shingo tupu, mama ndiye anayetazamwa.

"Ng'ombe uko nayo?" Nakhumicha aliuliza. "Tonny, usiniaibishe. Hawa watu wamenisema sana, ati sina mtu nyuma yangu."

"Ng'ombe iko, dada. Wewe tulia."

Wazazi wao walikuwa wameshafariki, na Nakhumicha hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Ndiye aliyempikia Mukhisa na kumfulia sare tangu mama yao alipozikwa. Kwa hiyo mjomba alikuwa Mukhisa, na boma la kuchinjia lilikuwa la marehemu baba yao, kule Saboti.

Pesa za fahali alikuwa nazo. Hilo tulielewe vizuri, maana baadaye wapo waliomtetea ati mwalimu alikuwa amekwama. Hakukwama popote. Alikwenda mnadani akiwa nazo mfukoni, na Abdishakur, mfanyabiashara wa mifugo, akamwonyesha fahali mwekundu mwenye kifua kipana. Mukhisa alimzunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Mashine uko nayo?"

"Mashine ya nini?"

Mukhisa akatoa kadi. Abdishakur aliipokea, akaigeuza huku na huku, akamtazama fahali.

"Sasa mwalimu, hii napitisha wapi? Kwa masikio?"

Mnada mzima ulicheka. Abdishakur alimrudishia kadi yake kwa adabu. "Tuma kwa simu, maneno iishe. Ng'ombe ni yako."

Lakini kutuma kwa simu hakuhesabiki. Miezi mitatu ilikuwa inaisha, na kiasi kilichobaki kilikuwa karibu sawa na bei ya yule fahali. Mtu mwingine angeumia kidogo, akalipa, akaenda zake na ng'ombe wake. Mukhisa alipata wazo.

Kwenye kona ya nyama ya supamaketi aliagiza nyama ya kidari yote iliyokuwepo, na mapaja, na mbavu, mpaka mkata nyama akaliweka chini panga lake.

"Pole sana, mwalimu. Ni msiba?"

"Ni tohara."

"Aah. Mmekosa ng'ombe?"

Mukhisa alitoa kadi. Alikuwa anasikiliza mashine ikilia, na mlio ule ulimfurahisha kuliko kengele ya kufunga shule.

Sellah alipoiona ile shehena alikaa chini. "Mimi nimetoka Maragoli," alisema, "na hata mimi najua ng'ombe ya mjomba inafaa ikuwe na miguu."

"Nyama ni nyama. Hiyo ingine ni mbwembwe."

Siku yenyewe, njuga zilisikika kutoka mbali. Wafula aliingia bomani kifua wazi, mgongo umenyooka, na nyuma yake waimbaji na wazee wa upande wa baba yake, waliotoka Bumula kuja kushuhudia. Walitafuta kwa macho mahali fahali alipofungwa. Hawakuona kamba. Waliona gari dogo la mwalimu, mlango wa nyuma uko wazi, na ndani yake vikapu vya plastiki vyenye barafu.

Mukhisa alikuwa amejiandaa. Kidari cha supamaketi hukatwa vipande vipande vya kuingia sufuriani, hakuna ukanda wowote wa kuzunguka shingo, basi alikuwa ameketi mezani kwake akaviunganisha kwa uzi wa manila. Alitoka nacho mbele za watu na kumvisha mpwa wake. Kikakaa kidogo. Halafu fundo likafunguka na kipande kikaanguka, karatasi ya bei bado imebandikwa juu ya nailoni. Mbwa akakichukua, akaenda nacho.

Njuga zilinyamaza. Wafula hakuinamisha kichwa. Alikuwa amefundishwa kutazama mbele, akatazama mbele.

Mzee mmoja wa Bumula akasema polepole, bila hasira, "Nakhumicha alituambia ako na ndugu."

Mukhisa aliokota uzi wa manila, akajaribu kufunga fundo upya. 

Aliyevunja kimya ni Wamalwa, binamu yake, aliyelima shamba lililopakana na boma lile na kupenda ugomvi kuliko chakula. Alikuwa ameegemea ua akitazama yote.

"Wewe Tonny, hii umereta ni nini?"

"Ni ng'ombe. Kilo zote ziko."

"Ng'ombe gani haina ngozi?"

Wamalwa alitukana kwanza. Alitukana kwa Kibukusu, kwa ukamilifu, tangu kadi hadi chuo kilichomfundisha Mukhisa Biashara. Kisha akavuka kwenda kwake na kurudi akimvuta fahali wake wa jembe, na njia nzima alikuwa analalamika. "Mwezi wa tatu nitarima na kadi yako? Eh? Nitafunga kadi kwa nira?" Lakini kamba hakuiachilia. Mtoto wa binamu yake wa kike ni mpwa wake pia, na ndani ya boma lile hapakuwa na mtu aliyehitaji kufafanuliwa hilo.

Fahali akachinjwa. Wamalwa alikata ukanda wenyewe, mrefu, na mafuta yake, akamvisha Wafula, akampiga kifuani kwa kiganja. "Ukitetemeka kesho, usirudi hapa." Wafula akavuta pumzi, njuga zikaanza tena. Waliondoka wakiimba, na katika wimbo walilitaja jina la mjomba. Walilitaja la Wamalwa.

Mukhisa alibaki karibu na gari. Simu ikatetemeka mfukoni. Hongera, iliandika, umefikisha kiwango, zawadi yako iko tayari.

Wafula hakutetemeka. Mukhisa alimpigia dada yake kumpongeza, na kwa kuwa hakujua namna ya kuomba msamaha, akampa tiketi moja ya Mombasa.

"Na hiyo ndege iko na kidari?" Nakhumicha aliuliza, akakata simu.

Sellah alisema ana zamu. Mukhisa akaenda peke yake. Chai ya sebule ilikuwa ya kadi nyingine, si ya kwake.

Desemba, Wafula, sasa mwanamume, alizunguka kuwashukuru jamaa. Mukhisa alimngojea Saboti, langoni mwa baba yake. Alikuwa ameshika kamba ya fahali mwekundu aliyemnunua kwa Abdishakur, kwa pesa taslimu, bila kuuliza mashine. Kijana alipita kwanza kwa Wamalwa. Mukhisa alisikia vizuri kutoka ng'ambo ya ua: "Mjomba! Mjomba!" na Wamalwa akigomba kwa furaha.

Kisha Wafula akaja. Alinyoosha mikono yote miwili kwa heshima.

"Habari ya leo, mwalimu."

"Mzuri," Mukhisa alisema. "Nimekuletea ng'ombe."

Wafula alimpapasa fahali shingoni.

"Asante, mwalimu. Peleka kwa mjomba. Hana ya kulima."

Mukhisa akaivuta kamba, akavuka ua.