Sahani ya Kadogo

Kaimati zikianza kuchemka kwenye mafuta na iliki ikapanda hewani, mimi huacha lolote nililoshika. Harufu ile hunirudisha Likoni, mtaa wa Timbwani, alasiri moja ya Ramadhani mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Rukia alikuwa na sita, na siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyofunga kutwa nzima.

Mjomba Swaleh alikuwa na banda la video lililopakana na kinu cha kusaga mahindi. Ukuta wao mmoja, stima yao moja, na kinu kilipounguruma, wapiganaji kwenye televisheni walitetemeka hata kabla ya kupigwa. Kila Ramadhani aliwaingiza bure watoto waliofunga, ili tusahau njaa. Picha zilisema lugha za mbali, naye alisimama kando na kijiti akitutafsiria, ingawa lugha zenyewe hakujua hata moja.

Siku hiyo alikuja na kanda mpya aliyopewa na baharia.

"Leo katuni, wanangu! Mtacheka mpaka mbavu ziume!"

Ikaanza. Msichana wa kuchorwa, sufuria kichwani kama kofia, kambeba mdogo wake mgongoni. Tukacheka. Kisha mbingu ikajaa ndege, mabomu yakaanguka, na mji mzima ukalala chini. Kijiti cha Mjomba kikamganda mkononi.

"Astaghfirullah," akanong'ona. Halafu akajikaza, akawapa majina: msichana ni Tima, mdogo wake ni Kadogo, na sasa wanatafuta chakula.

Wallahi, sijapata kusisimka vile tena. Askari walipopita, banda zima tulibana pumzi. Tima alipofukua kiazi shambani, tuliruka juu ya mabenchi kama sisi ndio tuliokipata.

"Kimbia, we Tima!"

"Mjomba, mwambie askari yuko nyuma!"

Mjomba akamwambia, na Tima akageuka! Tulipiga vigelegele hata msaga mahindi akaja kuchungulia.

Lakini viazi vilizidi kupungua, na Kadogo akazidi kulegea. Mwishowe Tima alimlaza kwenye majani, akavunja nusu ya kiazi, akamwinamia na kumwita. Kadogo hakufumbua macho. Akamwita tena. Kucha za Rukia zilikuwa zimeniingia mkononi.

Ghafla kioo kikawa cheusi.

"Stima imepotea!" akasema Mjomba, katugeuzia mgongo. "Haya, nyumbani! Magharibi hiyo."

Tukatoka mbio, tumeziba masikio kwa kelele za kinu, tukibishana kama Kadogo kalala tu au vipi.

Adhana ilipolia, Mama alikuwa ameshatandika mkeka: muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, na kaimati zinazong'aa kwa shira. Rukia akakaa, mikono mapajani.

"Futuru, mwanangu."

"Sifuturu mpaka Kadogo ale."

"Kadogo ndiye nani tena?"

Nikamweleza. Mama akambembeleza, akamkaripia, akamwekea maji mdomoni. Rukia akafumba midomo yake iliyokauka. Nilianza kuogopa, tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu tumboni. Mama akatwaa sahani ya bati yenye maua mekundu, ile ya kuwapelekea majirani futari, akaijaza kaimati na kuifunika kawa.

"Mpelekeeni Kadogo," akasema, kama anayemtaja mtoto wa nyumba ya pili.

Mjomba Swaleh alitufungulia mlango wa banda.

"Shikamoo, Mjomba. Futari ya Kadogo," akasema Rukia.

Mjomba akaitazama sahani, akaitazama midomo ya mtoto. "Ngojeni hapo." Akaingia ndani.

Mtaani kwetu hukuti mtu akirudisha sahani ya jirani bila kitu ndani. Alipotoka, sahani ilikuwa imeoshwa, na katikati yake pana nusu ya kiazi cha kuchemsha, bado kinafuka moshi.

"Tima anasema ahsanteni. Kadogo amekula, shira imemwenea hadi masikioni. Hiki wamewabakizia nyinyi."

Rukia alikila pale pale, amesimama.

Picha ile niliipata ukubwani, nikaitazama hadi mwisho. Ndipo nilipoelewa kwa nini kioo kiliingia giza. Kwa miaka mingi nikaificha siri hiyo, nikiamini namlinda mdogo wangu. Juzi, kando ya karai lake la kaimati, nikajitia moyo.

"Rukia, siku ile stima…"

"Haikupotea," akasema. "Kinu kilikuwa kinasaga, dada. Hukukisikia?"

Nami niliyeziba masikio yangu mwenyewe!

"Sasa mbona ulikula?"

Akageuza kaimati moja, ikaja juu na wekundu wake. "Mjomba alikuwa hajafuturu. Nilimwona nyuma ya mlango, macho mekundu, kaimati zetu kazishika tu. Nikaona nisipokula mimi, naye hatakula."

Kumbe mimi, mkubwa wa miaka tisa, ndiye pekee niliyedanganyika pale mlangoni.

Nikaitwaa sahani ya bati, maua yamebaki mawili, nikaijaza. Mjomba Swaleh ni mzee sasa, bado anakaa pale pale kando ya kinu. Rukia akaifunika kawa.

"Mwambie ya Kadogo," akasema. "Atajua."