Mzigo wa Saa Sita

Nilipotoka chuoni kule Uganda, joho likiwa limekunjwa sandukuni, usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha katika shule moja ya Tabora, na kila nilipojilaza niliwaza wanafunzi wataniuliza nini nisichokijua, kisha nikawaza nitawajibu nini, kisha nikawaza kama jibu hilo nalo halitazaa swali jingine. Mkuu wa shule, Mzungu aliyekuwa na huruma ya kijeshi, aliniangalia macho akasema sitashika chaki kabla sijapumzika. Akanipeleka kwa bibi mmoja wa Kizungu, rafiki yake, mwenye hoteli mashariki ya Tabora, ndani ya nyika ile ambayo watu wa misafara ya zamani waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali.

Nilishuka kwenye stesheni ndogo ya reli, nikachukuliwa na gari la hoteli. Ulikuwa mwezi wa ukame. Miti haikuwa na jani hata moja na ardhi ilikuwa nyeupe kama majivu. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, kisha ghafla kikatokea kijani: mikomamanga, mipapai, mawaridi, asumini zilizopanda hadi juu ya paa. Katikati ya bustani kulikuwa na chemchemi ya maji ya moto yenye chumvi, na bibi alikuwa amejenga mabafu pale, wageni wapakwe tope, wakandwe na waoge. Alipenda viumbe kuliko watu. Nyoka hakuuawa pale, na majani hayakufagiliwa. Tena kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa ilikuwa marufuku kutoa sauti, mgeni au mtumishi, ili miili ipumzike.

Kijani kile kilinitia wasiwasi. Nilijiuliza kinakula nini.

Wageni wengine, maofisa wa reli na wake zao, walilala nyumba kubwa. Mimi nilipewa chumba mwisho wa bustani, kilichopakana na stoo. Nilipokwenda bafuni mara ya kwanza, nilimkuta mama wa makamo akikoroga tope kwenye beseni. Huyo ndiye aliyekuwa mkandaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kabila gani?"

"Mzaramo. Wa Kisarawe."

Aliweka mwiko chini. Alinitazama toka utosini hadi viatuni, akanyoosha mkono, akanivua kofia, akaivaa yeye. "Hii yangu," alisema. Kisha akaita kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, "Njooni mwone. Amekuja. Mzaramo mzima, na miwani juu."

Walikuja watunza bustani, mpishi, na mwanamume mrefu aliyechota maji. Mmoja alinibonyeza mkono kama anayenunua mbuzi. "Mwembamba," alisema. "Ataweza?" Mwingine akasema, "Asipoweza tutamla." Wakacheka, kisha wakarudi kazini.

Nilijua, kama kila Mzaramo anavyojua, kwamba sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba pembe hadi pwani kwetu. Lakini mimi nilikulia shule za bweni. Utani nilioujua ni ule wa matusi ya sokoni. Ile kofia haikunisumbua. Kilichonisumbua ni neno "amekuja". Nilipakwa tope nikiliwaza neno hilo, nikakandwa nikiliwaza. Mtu haambiwi amekuja kama hakuwa anangojwa.

Kesho yake, saa sita, hoteli ilinyamaza. Nilikuwa nimelala chali, jua limebana kila ufa wa dirisha. Hata ndege walitii amri ya bibi. Ndipo nikasikia, nje ya ukuta wangu, njuga zikilia taratibu, hatua kwa hatua, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, kisha kishindo: puu. Kishindo cha mzigo unaotuliwa ardhini.

Nikatoka. Hapakuwa na mtu. Mchanga mbele ya stoo ulikuwa laini, hauna hata alama ya kuku.

Siku iliyofuata ikawa vilevile, kwa saa ileile. Nilitafuta kila sababu: bati linalotanuka kwa joto, komamanga lililoanguka, ubongo wangu. Ubongo ndio uliokuwa na ushahidi mwingi zaidi. Mwishowe, huku mkandaji akinikanda mgongo, nilimwuliza.

Mikono yake ilisimama. "Kumbe unamsikia," alisema. "Vizuri. Basi tusizungushane."

Akanieleza. Kabla ya mimi kufika, bibi alikuwa anachimba bafu jipya mwisho wa bustani. Yule mwanamume mrefu alipiga jembe akakuta mifupa ya mtu, na njuga za chuma miguuni. Hizo walizitambua. Zilikuwa za mpagazi wa Kinyamwezi, aliyefia kambini akafukiwa haraka, na msafara ukaendelea. Bibi mwenyewe aliitoa mifupa kwa brashi, akaiweka kwenye sanduku stooni. Mtu wa makumbusho alikuwa anakuja kwa garimoshi la Ijumaa kulichukua.

"Misafara ilitoka alfajiri," alisema. "Jua likifika utosini, mizigo inatuliwa. Yeye hajui kwamba imekwisha. Anatua kila siku. Akipelekwa Dar es Salaam kuwekwa kwenye kabati la kioo, atatua humo milele, watu wanamtazama."

"Kwa nini msimzike ninyi?"

"Ni wetu. Aliyekwisha kutolewa kaburini, watu wa damu yake hawamgusi tena. Anarudishwa na mtani, na mtani huyo lazima amtukane, la sivyo hatajua kama amefika kwa watu." Akaanza tena kunikanda. "Hapa tuko Wanyamwezi watupu. Tulikuwa tunaomba Mungu atuletee hata Mzaramo. Akatuletea wewe."

Nilimwambia kwamba bibi mwenye hoteli ni rafiki wa mkuu wangu wa shule, na nikigusa sanduku lake huenda nikapoteza kazi ambayo sijaianza.

"Hatukulazimishi," alisema. "Ukikataa, tutakutukana tu mpaka ufe. Na siku hiyo tutakuja kukuzika wenyewe, maana sisi tunajua wajibu."

Nilichagua njia ya wasomi: nikaenda kwa bibi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kiingereza yenye utangulizi. Alinisikiliza akikata maua yaliyokauka.

"Mtu huyo ni ndugu yako?" aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi ni nani yako?"

Nilitafuta Kiingereza chote nilichosomea, sikupata neno. Nikasema ni mtu ambaye babu yangu alikuwa na ruhusa ya kumtukana. Alitabasamu kwa upole, akaniambia nikaoge.

Alhamisi, saa sita, hoteli iliponyamaza, niliingia stooni. Sanduku lilikuwa jepesi hata nikaogopa. Nililikumbatia kifuani kama mtoto, nikapita kwenye mawaridi, nikatoka nje ya uzio wa minyaa. Njia ya zamani ya misafara ilikuwa pale, bado inaonekana kama kovu: ukanda wa ardhi usioota mti. Mkandaji na wenzake, niliokuwa nimewaambia nimekubali, walikuwa wamekwisha chimba shimo, na wamesimama mbali nalo kidogo, vichwa wazi.

Nilishuka shimoni. Nilimlaza fupa baada ya fupa, njuga mwisho, ilipokuwa miguu. Zililia nilipoziweka. Nikaondoa mikono, zikalia tena.

"Mtukane," mkandaji alininong'oneza toka juu. "Haraka, kabla Wazungu hawajaamka."

Kichwa kilikuwa kitupu. Mimi niliyekuwa na majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa, sikuwa na tusi moja.

"Hujui kutukana? Huko chuoni walikufundisha nini?"

Ndipo ikanijia, kwa sauti ya babu yangu, ingawa nilikuwa nanong'ona kwa sababu ya amri ya bibi. "Wewe Mnyamwezi mvivu," nilisema. "Wenzako wamefika pwani, wamekula nazi zetu, wamerudi, wamezaa, wamekufa kiheshima. Wewe umelala kwenye mawaridi ya Mzungu kama mke mdogo. Hata mzigo wa kutua mara moja unautua kila siku. Nani aliyekudanganya una nguvu?"

Mwanamume mrefu aliuma kola ya shati ili asicheke kwa sauti. Mpishi aligeuka, mabega yakimtikisika. Mkandaji machozi yalimtoka, akawa anacheka nayo.

"Ongeza," alisema.

Nikaongeza. Kisha nikagoma kutoka shimoni mpaka nilipwe, maana hilo nalo lilinijia. Wakashauriana kwa mikono, kisha mkandaji akanilipa kofia yangu mwenyewe. Tukamfukia.

Sikuweza kungoja Ijumaa. Saa ya chai nilikwenda barazani kwa bibi, nikamwambia sanduku ni tupu na ni mimi niliyetoa vilivyokuwamo, watumishi wasiulizwe. Nilikuwa nimekwisha jiona nikirudi Kisarawe na sanduku langu kichwani.

Kikombe chake kilisimama hewani.

"Umempeleka wapi?"

"Njiani kwake, bibi."

Akakitua kikombe polepole sana, kisitoe sauti. "Leo sikusikia kitu," alisema. "Tangu tulipochimba lile bafu, kila saa sita. Nilidhani ni moyo wangu. Kwa nini unafikiri nilinyamazisha hoteli nzima? Nilitaka nijue kama kuna mwingine anayesikia." Hakunitazama. "Mtu wa makumbusho nitampa chai, arudi zake."

Kesho yake saa sita nililala. Nililala kama jiwe, bila ndoto, mara ya kwanza tangu mitihani. Nilipoamka jua lilikuwa limepinda, na bega la kushoto lilikuwa linawaka. Nikavua shati. Palikuwa na alama pana, nyekundu, ngozi imechubuka kama iliyosuguliwa na kitu kizito kwa safari nzima. Nyayo zangu, nilizoziosha kabla ya kulala, zilikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye vifundo.

Nilikwenda bafuni, nikageuza bega. Mkandaji alilipitishia kiganja. Kisha akacheka taratibu.

"Ulimtukana, ukadhani atakaa kimya?" alisema. "Amekubebesha kidogo. Na yeye ni mtani wako."

Jumatatu niliripoti shuleni. Mkuu aliniangalia macho tena, akauliza kama hatimaye nililala.

"Sana, bwana," nilimjibu, nikauhamishia mkoba wa vitabu bega la kulia.