Hatukwenda Thika Kusimama Kwenye Kona

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa ya Ruiru, na kazi niliyokuwa nayo kwenye timu ya roboti haikuwa na jina. Wenzangu sita kila mmoja alikuwa na lake. Kulikuwa na wa programu, kulikuwa na wa nyaya, na kulikuwa na rafiki yangu, msichana niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, ambaye ndiye aliyeiendesha roboti uwanjani. Mimi sikujua kuandika programu, na kila niliposhika bisibisi mwalimu aliichukua mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Nilichojua ni kutazama.

Kutazama nilifunzwa na mama. Aliuza viatu vya mtumba pale Kimbo, karibu na steji ya matatu, na siku ambazo hakukuwa na shule nilimsaidia. "Mami, usimwangalie mteja usoni," aliniambia, akiniita vile mama wengi wa kwetu huwaita binti zao. "Uso unadanganya. Angalia ni kiatu gani amekirudia mara ya pili." Nilikaa miaka mingi juu ya gunia nikitazama watu. Kwa hivyo mwalimu wetu wa fizikia alipotuonyesha video za mashindano yaliyotangulia, wenzangu wakishangilia zile roboti zilizonyanyua vitu juu, mimi niliona jambo lingine. Niliona kwamba roboti nyingi hurudia safari ile ile, kwa njia ile ile, na kwamba kila moja ina mahali inapoanza kuchoka. Nikamwambia mwalimu. Akafungua kabati, akanipa daftari jipya. "Basi wewe ndiwe utatupangia mechi," alisema.

Mchezo wa mwaka ule ulikuwa rahisi kuueleza. Uwanja ulikuwa mraba, ukubwa wa sebule ya kawaida, umezungushiwa ubao mfupi. Katikati ilitawanywa mipira ya plastiki yenye ukubwa wa chungwa. Roboti mbili zilishirikiana dhidi ya mbili nyingine kwa dakika mbili na nusu. Mpira ukiingia kikapu cha juu ulikuwa pointi tatu, ukiingia sanduku la chini pointi moja. Mshirika hukumchagua, waandalizi walikupangia, mechi hii huyu, mechi ijayo mwingine.

Roboti yetu haikuweza kufika kikapu cha juu. Vyuma tulivyopewa na wafadhili vilikuja na mota chache, na mkono tuliojaribu kuujenga ulipinda siku ya pili. Nikasema tuuondoe kabisa. Nililipigania hilo wiki nzima, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuingia mashindanoni na roboti isiyo na mkono. Mwishowe tulikata mtungi wa manjano wa lita ishirini, tukaufanya beleshi pana mbele ya roboti, ikawa inasukuma mipira sita kwa mkupuo mmoja hadi kwenye sanduku la chini.

"Tutachekwa," rafiki yangu alisema.

"Wacha wacheke. Sita ni sita."

Na tulichekwa kweli. Jumamosi ya mashindano tulifika Thika asubuhi na mapema, katika ukumbi wa chuo kimoja, roboti imefungwa kwa leso nyuma ya pikapu ya mzazi mmoja. Tulipoifungua mezani, watu walipita wakageuza shingo. Mvulana mmoja alimuuliza mwenzake kama tumekuja kuuza maji. Mimi sikukaa hapo mezani. Nilipanda juu ya viti vya watazamaji na daftari langu, nikaandika kuhusu kila roboti iliyoingia uwanjani: inaanzia wapi, inazunguka upande gani, inaanguka ikigongwa wapi. Mechi zetu mbili za kwanza, moja tulishinda, moja tukashindwa.

Mechi ya tatu tulipangiwa na shule ya binafsi kutoka upande wa Membley. Tulikuwa watu wa mji mmoja, lakini hatukuwa tumewahi kukutana nao. Walikuwa na jaketi za aina moja na roboti yenye mkono mrefu uliofika kikapu cha juu bila shida. Nahodha wao, mvulana mrefu mwenye adabu, alikuja mezani kwetu akiwa na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, ambayo uwanja ulikuwa umechorwa juu yake kwa kompyuta.

"Sasa," alisema. "Kumbe sote tunatoka Ruiru. Basi iko hivi. Nyinyi mtaanzia hapa kwa kona na mtabaki hapo. Msiguse kitu. Sisi tutapiga juu mpaka mwisho. Msijali, tutawabeba."

Alisema "tutawabeba" kwa wema, na huo wema ndio ulioniuma. Kama angetutukana ningejua pa kuanzia.

Nikafungua daftari. "Roboti yenu hunyanyua vizuri mara tano," nikamwambia. "Mara ya sita mkono unachelewa. Mara ya saba unakwama. Imetokea mechi zote mbili. Na mnapoteza muda mwingi mkienda katikati kuokota mipira. Sisi tukiwasukumia mpaka chini ya kikapu, hamtatembea. Mkono ukikwama, tutamalizia na sanduku la chini."

Hakuliangalia daftari. "Ni nani amekuwa akitupeleleza?"

"Hakuna. Mlikuwa mnacheza mbele ya watu."

Akamgeukia mwalimu wetu, kana kwamba mimi nilikuwa nimeondoka. "Mwalimu, sisi tumeshinda mechi zote. Tungeomba tu wasituharibie."

Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, mgeni kwenye kazi, na aliheshimu sana watu wenye karatasi safi. Alinivuta kando. "Tukisimama tu tunapata ushindi wa bure," alisema. "Mbona ukatae?"

"Kwa sababu hatukuja Thika kusimama, Mwalimu."

"Tukishindwa ni wewe utajibu."

"Nitajibu."

Nikarudi kwa yule mvulana. Nilimwambia kwamba dakika ya kwanza ni yao, tutakaa kwenye kona vile walivyotaka, lakini mkono ukikwama baada ya hapo tutatoka. Akacheka. "Hautakwama." Nikamwambia basi hakuna neno. Ile dakika niliyompa, naijutia hadi leo. Niliitoa kwa sababu mwalimu alikuwa ananiangalia.

Kanuni ziliruhusu mwanafunzi mmoja asiye na rimoti kusimama nyuma ya dereva na kumwelekeza. Kwetu nilikuwa mimi. Mechi ilipoanza, roboti yetu ilikaa kwenye kona na mtungi wake wa manjano kama kitu kilichosahauliwa na wafagiaji. Nilisikia watu wakiuliza kama betri imekufa. Rafiki yangu aliweka vidole gumba juu ya rimoti, tayari.

"Bado?" aliniuliza.

"Bado."

Roboti ya washirika wetu ilipiga juu mara tano, safi. Mara ya sita mkono ulipanda polepole. Dakika ilikuwa imepita kwa sekunde chache uliposimama katikati ya safari ya saba, ukiwa umeshika mpira hewani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Nahodha wao akaanza kumfokea dereva wake.

"Toka," nikasema.

Rafiki yangu alitoka. Sijawahi kuona mtu akiendesha kitu vile. Alizoa mipira sita, akaisukuma sandukuni, akarudi, akazoa mingine, akarudi tena. Ule ukumbi uliokuwa ukitucheka ulianza kuhesabu kwa sauti. Safari ya nne ilikuwa njiani, beleshi likiwa limebakisha hatua moja kufika sandukuni, king'ora kilipolia. Tulishindwa kwa pointi mbili.

Yule mvulana alinijia akiwa amejaa jasho. "Mngetoka mapema," alisema.

Nilimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Hasira niliyokuwa nayo ilitulia ghafla, ikawa kitu kigumu na baridi, nikajua kwamba siku ile sitamwomba mtu yeyote ruhusa tena ya kuwa uwanjani.

Mechi mbili zilizobaki sikungoja mshirika atufuate na mpango wake. Nilikwenda mwenyewe na daftari wazi na karatasi tupu. Mshirika wa kwanza alikuwa shule ya wasichana ya hapo Thika. Walikaa nasi sakafuni, tukachora pamoja, tukabishana kuhusu upande wa kuanzia, wao wakanishinda kwa hoja nikakubali. Tulishinda ile mechi, na iliyofuata pia.

Alasiri tulikuwa katikati ya jedwali. Sasa ilikuwa zamu ya timu nne za juu kuchagua kila moja mshirika wa nusu fainali. Aliyeitwa angeweza kukubali au kukataa, lakini akikataa hangeitwa na mwingine. Wale wa Membley walikuwa wa tatu, na nahodha wao alikuja mezani kwetu kabla ya kuchagua kuanza. Mwalimu aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Tunafikiria kuwachukua," mvulana alisema. "Mtatusukumia mipira vile ulisema. Lakini mpango ni wetu, sisi ndio tutaamua lini. Na wewe hutasimama na madereva. Tuko na mtu wetu wa kuelekeza."

Yaani alikuwa amelichukua wazo langu na kuniacha mimi nje. Niliona macho ya rafiki yangu yakinikimbilia, na sikuyasubiri.

"Tupange pamoja kwa karatasi tupu," nikasema, "na kila timu iwe na mtu wake uwanjani. Kama si hivyo, msituite. Mkituita, tutakataa mbele ya hawa watu wote."

Alisimama kidogo, akitaka kuona kama kuna mwenzangu atanipinga. Hakuna aliyenipinga. Akaenda zake.

"Umeongea kwa niaba ya watu saba," mwalimu aliniambia. "Umewauliza?"

"La."

Nikawauliza hapo, nikiwa nimechelewa. Wa programu alisema nimefanya vizuri. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Rafiki yangu alikuwa anafuta vumbi kwenye magurudumu ya roboti na hakuinua uso.

Zamu yao ilipofika waliwaita wasichana wa Thika. Sisi hatukuitwa na mtu. Tulikaa kwenye viti vya juu, na pale nusu fainali nikaona roboti ya wasichana ikisukuma mipira hadi chini ya kikapu, na ya Membley ikinyanyua bila kutembea. Ulikuwa mpango wangu, hatua kwa hatua. Walifika fainali nao, wakashindwa huko. Nilipiga makofi kwa ajili ya wale wasichana, na nilikuwa nikiuma meno.

Kwenye pikapu, wakati wa kurudi Ruiru, rafiki yangu na mimi tulikaa nyuma tukiishikilia roboti isiteleze. Tulikuwa tumepita Juja ndipo akasema neno.

"Nilitaka kucheza semi fainali."

"Najua."

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningesema tukubali. Wewe ungekaa nje mechi mbili, mimi ningecheza. Ni mechi mbili tu."

Hakuwa amekosea. Nimelifikiria jambo lile mara nyingi tangu hapo. Nilikosa kwa kutowauliza, na hilo nalikubali mbele ya yeyote. Lakini kukataa kwenyewe sikukosea. Watu wengi wamejaribu kunifungia mambo hayo mawili katika fundo moja, ili nikijutia moja nijutie na lingine. Sijakubali, na sitakubali.

Jumatatu naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mwalimu wa ile shule nyingine alikuwa amepiga simu kusema nilikuwa na kiburi na niliwavunjia wanafunzi wake heshima. Nikaambiwa niandike barua ya kuomba msamaha. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza karatasi ya plastiki, kona, dakika, mkono uliokwama, na masharti niliyopewa na niliyotoa. Nilimpelekea mwalimu wa fizikia aisome kwanza.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni pa maabara. "Hii si barua ya kuomba msamaha," alisema.

"Najua, Mwalimu."

Akatoa kalamu mfukoni. Nilidhani ataikata. Alisahihisha neno moja nililoliandika vibaya, kisha chini ya jina langu akatia sahihi yake mwenyewe, akaipeleka ofisini. Hatukusikia neno tena.

Rafiki yangu alihamia dawati la nyuma kwa wiki mbili. Sikumfuata, maana najua mtu anapotaka nafasi yake. Siku aliyorudi aliweka vitabu vyake chini na kuniambia, bila salamu, kwamba msimu ujao ataendesha tena, lakini mpango wowote lazima upigiwe kura na sote saba kabla sijafungua mdomo mbele ya mtu wa nje.

"Na kura ikinishinda?" nikamuuliza.

"Utanyamaza."

"Nitanyamaza huko nje. Hapa ndani nitabishana mpaka mchoke."

 Akasogeza mkoba wake ili nipate pa kuweka mkono, tukafungua kitabu cha hesabu.