Ukuta Unaosubiri Jua la Jioni

Saa kumi na moja jioni inakaribia, na Sidonie Munguakonkwa hataki kuketi. Amesimama katika chumba cha wazazi cha zahanati moja ndogo mtaani Katindo, Goma, macho yakiwa kwenye dirisha la magharibi. Kucha zake bado zina rangi ya kijani. Fundi huyu wa kupaka rangi anangoja jua.

Kwenye kitanda cha mwisho amelala Bénita, aliyejifungua kwa upasuaji wiki hii, mtoto kifuani. Ameomba mlango usifungwe. Ndala zake ameziweka zikielekea nje.

Siku chache zilizopita, jioni kama hii, Bénita aliinuka na kidonda kibichi, akambeba mwanawe na kukimbia. Walimkuta getini akivuja damu. Tangu hapo amekuwa akilala kwenye godoro koridoni, hadi leo alipokubali kujaribu tena.

"Akikimbia tena vile, ule mushono utafunguka," mkunga Ernestine ananong'ona. "Hapo nitamupoteza, na mutoto atabaki na nani?"

Kilichomkimbiza ni ukuta. Sidonie alikuwa ameupaka rangi ya chungwa lililoiva, na jua la jioni lilipoupiga, chumba kizima kiliwaka wekundu hadi darini. Bénita alikulia Buhene, viungani mwa Goma. Mwaka 2021 volkano ilipolipuka, anga lilikuwa jekundu hivyo hivyo wakikimbia, na shangazi yake aliyebaki nyuma hakuonekana tena.

"Nilifungua macho, nikaona mbingu ya ile siku," anasema. "Sikujua tena kama niko mu kitanda. Nilijua tu tukimbie."

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Si kwamba rangi ile ilichaguliwa kwa ubaya. Goma mawe ni meusi, vumbi ni jeusi, na kuvaa viatu vyeupe ni ushujaa. Ndiyo maana watu hapa wanapenda kuta zinazopiga kelele. Ernestine mwenyewe aliitaka chungwa: "Inje kila kitu ni nyeusi. Tulitaka mama akizaa, aone kitu inachangamuka."

Sidonie hatembei na karatasi za sampuli kama wenye maduka. Huokota mawe ya lava, huyapaka rangi na kumwachia mteja achague. Jiwe la chungwa yeye na Ernestine waliliangalia asubuhi, mlangoni, likapendeza kweli. Hakuna aliyeliingiza chumbani jioni.

"Ile kulere ya chungwa ilikuwa inacheka asubuhi," anasema Sidonie. "Jioni ikageuka. Na mimi niliacha wamama walale ndani yake. Inaniuma sana."

Kazi hii aliirithi kwa mumewe, aliyehama naye kutoka Bukavu. Mume alipoanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, Sidonie aliokota brashi. Siku yenye kazi hupata dola kumi. Kuna wiki zisizo na kazi kabisa.

Safari hii hakungoja kuombwa. Alikwangua ukuta, akachanganya kijani hafifu mithili ya jani la ndani la kabichi, akakijaribu jioni juu ya jiwe humo chumbani, kisha akapaka rangi ya maji isiyong'aa. Madirisha yaliachwa wazi mpaka harufu ikaisha. Lakini jiwe ni jiwe na ukuta ni ukuta, na jua la leo ndilo la kwanza kuingia huku Bénita akiwa kitandani.

Sasa linaingia.

Mstari wa mwanga unapanda polepole kutoka sakafuni. Ernestine amesogea karibu na mlango, mikono tayari. Bénita anageuza kichwa kutazama ukuta. Mguu wake mmoja unatoka kwenye shuka na kugusa ndala.

"Bénita, mama, niko hapa," Sidonie anamwambia.

Mwanga unafika katikati ya ukuta. Kijani kinalegea, kinakuwa cha manjano kidogo, kisha kinatulia. Dari linabaki jeupe. Mtoto anapiga chafya.

Kuanzia sasa, Sidonie amepanga, kila jiwe litalala kwa mteja na kuonwa asubuhi na jioni, ndani ya chumba chenyewe. Anatamani pia kurudi kwenye kila nyumba aliyoipaka chungwa. Lakini hayo ni ya kesho. Leo macho yake yako kwenye ule mguu.

Mguu unarudi ndani ya shuka.

"Mama Sidonie," Bénita anaita, "mufunge mulango. Mutoto anasikia baridi."