Mjinga wa Filamu na Ubao wa Shingoni

Shuleni kwetu Kasongo, ukisikika uwanjani ukiongea Kiswahili badala ya Kifaransa unavishwa ubao wenye kamba shingoni. Unauvua tu ukimkamata mwingine. Atakayekuwa nao kengele ya mwisho ikilia, anasafisha vyoo.

Mimi nilivishwa kwa ajili ya mjinga wa filamu. Nilikuwa nawahadithia wenzangu filamu ya mtu anayeosha pikipiki ya tajiri wake mtoni. Maji yanaibeba, naye anakimbia ukingoni akiibembeleza: "Mama, rudi, sitakukanyaga tena!" Jaribu kuyasema hayo kwa Kifaransa. Yanakufa.

"Hizo filamu za wajinga zinakuharibia akili," alisema mwalimu wa nidhamu akifunga kamba.

Sikukubali hata kidogo. Yule mjinga anakosea tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wote wanampenda. Sisi tukiteleza neno moja, tunafungwa kamba kama mbuzi wa sokoni.

Saa sita rafiki yangu akajisahau mbele yangu: "Ndugu, niko na njaa!" Akajiziba mdomo, macho kwenye ubao.

"Njaa gani?" nikamwambia. "Kaa hapa, sijamaliza filamu."

Jioni mwalimu aliuliza: "Hukumkamata hata mmoja?"

"Sikusikia mutu, Monsieur."

Nilisafisha vyoo. Wenzangu wanne walisimama nje wakiuliza kama pikipiki ilipatikana. Niliwajibu kutoka ndani kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, na ofisi ya mwalimu wa nidhamu iko hatua kumi tu kutoka pale.